Mama Polepole na karai lisilo na chumvi

Inakaribia saa nne asubuhi, na mpishi mwenye umri wa miaka hamsini na minne anamenya kitunguu cha ishirini na tatu. Macho yake ni makavu kama ya mtu anayemenya ndizi.

"Hivi havina ugomvi na mtu," anasema, akitupa ganda kwenye ndoo. "Kitunguu cha kawaida ukikigusa tu, macho yanaungua. Hiki unakikata, nacho kimenyamaza."

Jikoni mwake mna majiko mawili ya mkaa. La kulia limebeba sufuria ya maharage ya mafundi wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara, na kando yake pana kopo la chumvi lisilo na mfuniko. La kushoto limebeba karai pana, jeusi kwa nje, linalong'aa kwa ndani. Ukutani, juu ya karai hilo, ameandika kwa chaki: HILI BILA CHUMVI.

Leo karai hilo ndilo lenye kazi. Saa sita mchana, kliniki ya wagonjwa wa presha, iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu, itaonja chakula cha wapishi wawili. Atakayechaguliwa atawalisha wagonjwa arobaini kila Jumanne na Ijumaa. Sharti ni moja tu: chumvi isiingie, hata chembe.

Wagonjwa hao hufika alfajiri na kukaa foleni hadi alasiri. Njaa ikiwabana, hutoka getini na kununua chipsi na mayai ya kuchemsha, vyote vimenyunyiziwa chumvi, kisha hurudi ndani kupimwa presha.

"Kazi hii nimeiomba kwa Mungu na kwa sista mkuu wa kliniki," anasema mpishi. "Mungu alinisikiliza hivyo hivyo. Sista alitaka barua."

Mtaani anaitwa Mama Polepole. Jina hilo alipewa na mafundi wa gereji siku waliyofika kabla ya chakula kuiva, wakaanza kugonga sahani. Aliwaambia warudi wakafunge tairi moja zaidi, maana vitunguu vyake havijamaliza safari. Wakarudi kweli.

Kazi ya kliniki anaihitaji. Miezi minane iliyopita karakana ya washonaji, iliyokuwa ikichukua sahani sitini kwa siku, ilihamishiwa mbali. Zimebaki sahani ishirini na tano za gereji.

"Ishirini za kwanza ni za mkaa, mchele na maharage," anaeleza. "Tano za mwisho ndizo zangu na Dereva."

Dereva ni mumewe. Aliendesha malori kwa miaka thelathini na moja, na hata mkewe humwita hivyo. Sasa anakaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, akichambua mchele kwenye ungo kwa mkono wake wa kushoto. Wa kulia bado haujarudi vizuri.

Miaka mitatu iliyopita Dereva aliamka akashindwa kufunga vifungo vya shati. Alipotaka kulalamika, mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimuwahi, lakini daktari alimwambia mkewe kwamba dawa ni nusu ya kazi, na nusu nyingine iko jikoni.

"Nikatoa chumvi siku ile ile," anasimulia. "Nikampikia. Akala vijiko viwili, akaniambia, 'Mama, kama mnaniaga niambieni, nivae suti.'"

Kwa miezi miwili Dereva alikuwa akisukuma sahani mbali. Alipungua kilo kumi na moja. Mkewe alitoboa matundu matatu mapya kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto.

Wakati huo ndipo alipokutana na vitunguu vitamu. Vilikuwa vimewekwa pembeni sokoni, bapa, ganda jembamba la rangi ya majani makavu. Wanunuzi walikuwa wamevirudisha, wakisema havina ukali, tena vinaoza upesi.

"Muuzaji aliniambia, 'Chukua fungu zima, mama, nipunguzie aibu.' Nikamuuliza, kwani vina sukari? Akasema si kwamba sukari ni nyingi, ni kwamba hakuna ukali wa kuifunika."

Alivikaanga kama alivyozoea, kwa moto mkali. Vikageuka uji katikati na mkaa pembeni. Kesho yake mkaa ulimwishia, na hakuwa na namna ya kupata mwingine kabla ya jioni. Akaweka karai juu ya makaa machache yaliyobaki, akafunika, akamwachia Mungu.

Baada ya robo saa vitunguu vilikuwa vinaogelea kwenye maji yao. Akafunua. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yamekauka na rangi imeanza kuwa ya dhahabu. Ilipofika saa nzima na dakika kumi, karai lililokuwa limejaa lilibakiwa na viganja viwili vya kitu cha kahawia, laini, kinachong'aa, na harufu yake ilimtoa Dereva kitandani.

"Nilikichanganya na maharage, nikakamulia ndimu. Alikula sahani mbili. Kisha akaniuliza kama nimemhurumia nikamtilia chumvi. Nikasema sijatia. Hakuamini. Alijikokota mwenyewe hadi jikoni kulitazama kopo."

Tangu siku hiyo kilo tisa zimerudi.

Anayecheka zaidi wakati wa simulizi hii ni wifi yake, dada mdogo wa Dereva. Anauza nguo za mitumba na leo amefunga biashara ili kusaidia kubeba vyombo. Amekaa mlangoni akikatakata vitunguu vilivyokwisha kumenywa, vipande vyembamba vinavyolingana.

"Mwulizeni alivyoozesha gunia," anasema.

"Wifi, leo ni siku yangu."

"Ndiyo maana nasema."

Gunia lilioza kweli. Msimu wa kwanza, mpishi alinunua kilo ishirini na kuziacha kama mtu aachavyo vitunguu vya kawaida. Vitunguu hivi vimejaa maji. Vikigusana, kimoja kikiharibika kinawaambukiza majirani. Baada ya siku kumi nyumba nzima ilinuka.

Aliyeleta suluhisho ni wifi. Katika marobota yake ya mitumba kulikuwa na soksi ndefu nyembamba za akina mama, zile zinazofika mapajani, ambazo hazikuwa na mnunuzi. Mpishi hutumbukiza kitunguu, hufunga fundo, hutumbukiza kingine, hufunga fundo, hadi soksi ijae. Anapohitaji kimoja hukata chini ya fundo la mwisho. Hutundikwa chumba cha kulala, maana ndicho chenye baridi kuliko vyote.

"Nimeoa mara moja tu," Dereva anapaza sauti kutoka uani, "lakini kila msimu nalala chini ya miguu ya wanawake kumi!"

"Na wote ni wanene," wifi anamjibu kaka yake.

Kwa sasa msimu umekwisha na soksi zimebaki mbili, zenye vitunguu kumi na sita. Hivyo ni vya Dereva hadi mzigo mpya utakapofika sokoni, wiki sita zijazo. Sokoni visipokuwepo, mpishi hutumia vitunguu vya kawaida, huviloweka kwanza na kuvipika nusu saa zaidi. "Havifiki pale pale, ila vinafika jirani," anasema. Vitunguu ishirini na nne vya leo alivinunua jana. Vilikuwa vya mwisho kwa muuzaji.

Saa nne kamili, vyote vinaingia kwenye karai pamoja na mafuta kidogo. Maharage na wali wa kliniki vimeshaiva tangu asubuhi, viko kwenye vyombo vyake, vinasubiri.

Anapogeuza, anasimulia alikojifunzia upishi. Kwa miaka ishirini na miwili alipika kantini ya kiwanda cha nguo, hadi kiwanda kilipofungwa. Kila mchana walilisha watu mia nne.

"Hakuna kijiko cha kupimia pale. Unachota hivi," anasema, na mkono wake wa kulia unaingia koponi, vidole vitatu vinakutana, unatoka na kupepea juu ya chakula kama wa mtu anayelisha kuku. "Halafu unasogea kwenye sufuria nyingine. Hutazami. Msimamizi wetu alikuwa akionja, anasema ni sawa. Miaka ishirini na miwili, sikuwahi kuzidisha."

Wifi anauliza kama msimamizi huyo ndiye yule aliyetaka kumuoa. Mpishi anasema ni yule yule, na kwamba alikuwa na meno mazuri. Dereva anakohoa kwa nguvu uani. Wanawake wawili wanacheka hadi wanafutana machozi, karai linafunikwa, mazungumzo yanaendelea.

Dakika tano baadaye mpishi anafunua mfuniko na kuinama juu ya karai.

"Mbona vimeshatoa maji?"

Vipande vya vitunguu vimelala, vimelegea, na maji yamefika nusu ya kimo chao. Kwa kawaida hatua hiyo huchukua robo saa. Kipo kitu kimoja tu, anaeleza baadaye, kinachoweza kuvuta maji ya kitunguu kwa kasi hiyo. Anautazama mkono wake wa kulia. Kwenye ncha za vidole, chembe tatu nne nyeupe bado zimeng'ang'ania.

"Wifi, nimetia chumvi."

"Wapi?"

"Humu."

"Nani katia?"

"Mkono."

Maharage ya gereji yanatokota bila kujali lolote.

Wifi anaweka kisu chini. "Basi mkono ukae kimya, na sisi tukae kimya. Vidole vitatu kwenye karai zima! Itapotelea humo humo."

"Haijapotea. Si unaiona kwenye maji?"

"Tena kitanoga zaidi, wifi yangu. Utashinda."

"Ndicho ninachoogopa," anajibu. "Kwamba nitashinda nacho."

Dereva ameshafika mlangoni, ameshika fremu. Bila kumwambia chochote, mkewe anachota maji ya vitunguu kwenye kijiko, anapuliza, anamlisha. Mzee anafumba macho. Uso wake, ambao upande mmoja huchelewa kucheka, safari hii unacheka wote kwa pamoja.

"Eh," anasema. "Nani kaileta?" Kisha anafungua mdomo apewe tena.

Mkewe anakivuta kijiko. "Umeona?" anamwambia wifi. "Miaka mitatu hajaionja, na ameitambua kwa tone moja. Wale arobaini ndimi zao ni kama ulimi wa huyu. Watadhani nimewapa ruhusa. Watarudi nyumbani, waseme hata chakula cha kliniki kina chumvi."

Anaepua karai. Vitunguu ishirini na nne vinahamia kwenye sufuria ya gereji, ambako chumvi haina kosa. Analisugua karai kwa sabuni, analisuuza mara mbili. Kopo la chumvi analikabidhi kwa wifi. "Toka nalo. Nenda nalo hata barabarani."

Hakuna aliyetaja soksi. Ni Dereva anayegeuka, akikokota mguu, na kuingia chumba cha kulala. Anarudi na soksi zote mbili begani na mkasi mkononi.

"Hivyo ni vyako," mkewe anasema.

"Najua ni vyangu. Ndiyo maana nakata mimi."

Anakaa chini na kukata fundo moja baada ya jingine kwa mkono wa kushoto, mkasi ukipindapinda. Wifi, aliyerudi mikono mitupu, anamenya. Mpishi anakata. Ni vitunguu kumi na sita badala ya ishirini na nne, na saa nne na nusu ndiyo kwanza vinaingia kwenye karai.

Hesabu ya muda haikubali. Dakika sabini za moto, kumi za kupakia, thelathini za njia. Watachelewa.

"Ongeza mkaa," wifi anasihi.

"Nikiongeza mkaa nitawahi na uji."

Haongezi. Anasimama juu ya karai na mwiko wake, midomo ikicheza kidogo, na aliye karibu husikia kwamba ni sala. Si ndefu. Anaomba moto ukae ulivyo na miguu yao iwe na nguvu. Vitunguu vinatoa maji dakika ya kumi na tano, kama inavyotakiwa. Vinakauka. Vinageuka dhahabu, kisha kahawia, naye anakwangua kila kinachoshika chini na kukirudisha kwenye rojo.

Saa sita kasoro dakika kumi wanatoka, mpishi na hotipoti ya maharage kichwani, wifi na ile ya wali pamoja na bakuli la vitunguu. Barabara ya sokoni imejaa, na wifi anaitengeneza njia kwa sauti: "Jamani, moto! Moto unapita!"

Wanafika saa sita na dakika ishirini.

Kwenye baraza la kliniki, meza imefunikwa kitambaa cha plastiki. Waonjaji ni wagonjwa sita, pamoja na sista mkuu, mwanamke mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa kamba. Sahani za mpishi wa kwanza, anayepika kwenye mgahawa wa jirani, zimeshakusanywa. Nyingi zimebaki nusu.

"Mama, tulisema saa sita," sista anasema.

"Tulisema, sista. Nisamehe. Karai la kwanza nilitia chumvi."

Wifi anamkanyaga mguu. Haisaidii.

"Sikukusudia. Nilikuwa naongea, mkono ukaenda wenyewe. Lile nimewapa mafundi, hili nimepika upya."

Sista anavua miwani. "Ungeweza kusema foleni ya sokoni."

"Ningeweza."

"Kwa nini basi unaniambia?"

"Kwa sababu mkono ndio huu huu nitakaowapikia nao. Ni bora uujue leo kuliko ukaujua Jumanne."

Sista anaashiria wapakue.

Mpishi anapakua mwenyewe, wali, maharage, na juu yake kijiko kimoja cha vitunguu kwa kila sahani, maana havitoshi kuchanganywa. Mgonjwa wa kwanza, mama mmoja mwenye kanga mabegani, anatafuna, anasimama, anatazama sahani.

"Hiki kina chumvi," anasema.

Wifi anashika kichwa. Mpishi hasogei. "Kula tena, dada. Taratibu. Kiache ulimini."

Mama anakula tena. Anachelewa kumeza. "Hapana," anasema mwishowe. "Si chumvi. Ni kama... sijui ni nini. Ila kimejaa mdomo." Sista naye anaonja, mara mbili, halafu mara ya tatu ambayo haikuwa ya kazi.

Sahani sita zinarudi tupu. Moja imefutwa kwa kidole.

Sista anamvuta mpishi pembeni, lakini baraza ni dogo na kila mtu anasikia. "Chakula nimekipenda," anasema. "Mkono wako bado sijauamini. Umenifundisha mwenyewe nisiuamini. Nakupa miezi miwili ya majaribio, si mwaka. Na chumvi isikae chumba kimoja na chakula cha wagonjwa wangu."

"Imeshatoka, sista. Haitarudi."

"Na mafundi wako?" wifi ananong'ona.

"Mafundi watawekewa kopo mezani. Wana mikono."

Hivyo ndivyo Mama Polepole alivyoipata nusu ya kile alichokiomba. Hasikitiki. Kwa sahani themanini kwa wiki, anasema, hesabu ya nyumbani inakaa sawa, na miezi miwili inamtosha kuufundisha mkono adabu. Vitunguu vya kawaida vitamvusha wiki sita hizi. Mzigo mpya ukifika, muuzaji ameahidi kumwekea magunia mawili kabla hajamuuzia mtu mwingine. Wifi atatafuta soksi.

Lakini kuna jambo jingine analolitaka, na analisema hapo hapo akifunga hotipoti. Anamwomba sista ampe baraza Ijumaa, saa moja tu baada ya chakula, pamoja na jiko moja la mkaa.

"Mimi nitawalisha mara mbili kwa wiki," anasema. "Siku tano nyingine wanakula kwao. Presha haijui leo ni siku ya kliniki. Nataka waje wale wanaowapikia nyumbani, wake zao, binti zao, nami niwaonyeshe."

Mmoja wa waonjaji, fundi viatu mwenye vidole vyeusi kwa rangi ya kiwi, ndiye aliyefuta sahani kwa kidole. Anainua mkono kama mwanafunzi.

"Na kama nyumbani anayepika ni mimi, dada? Mke wangu alishatangulia, wanangu wako mbali. Mimi najua kuchemsha yai tu."

"Basi wewe njoo wa kwanza."

"Hadi Ijumaa ni mbali. Leo usiku nataka kula." Anacheka kidogo, kwa aibu, lakini haondoi macho kwa mpishi. "Nianze na nini?"

Mpishi anaiweka hotipoti chini na kumtazama vizuri, kama anayempima.

"Vitunguu viwili," anamwambia. "Na kiti cha kusubiria."